Miadi ya Jupp na Liesel Nyuma ya Bawa

Wendelin Hohmann alikuwa na kidole gumba kilichoheshimiwa kuliko yeye mwenyewe. Akikipitisha juu ya bawa la ndege, kuanzia pua ya bawa kwenda nyuma, kiliweza kukuta uvimbe mwembamba kama karatasi ya sigara. Hapo angenuna, angechukua msasa, na hangesema na mtu mpaka bawa liwe laini kama shavu la askofu. Kwa riziki alikuwa seremala wa madirisha, kwa mapenzi alikuwa seremala wa mabawa. Klabu ya Krähenkuppe, kilima cha Rhön huko Ujerumani chenye upepo ambao hata mbuzi waliukimbia, ilikuwa na ndege sita zisizo na injini, na zote sita zilikuwa zimepita chini ya kidole kile.

Laiti angeishia kwenye kidole. Kwa bahati mbaya Mungu alikuwa amempa na mdomo.

Theluji ikianza kuanguka ndege hufungiwa bandani, na wanafunzi wa urubani hukaa darasani katika kibanda cha klabu kila Jumatano jioni. Miaka thelathini na moja iliyopita klabu ilitafuta mtu wa kuwafundisha nadharia. Wenye elimu walikuwa na shughuli. Wendelin alikuwa na sauti kubwa, na ndiye peke yake aliyejua kuliwasha lile jiko la kuni bila kukifukizia moshi kibanda kizima. Akapewa chaki.

Somo lake kuu lilikuwa swali ambalo kila mtu huja nalo: kitu chenye uzito wa ng'ombe, tena hakina injini, kinakaaje hewani? Wendelin alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na majina.

"Sikilizeni, watoto," angesema, ingawa watoto wenyewe walikuwa na vipara. "Jupp na Liesel ni chembe mbili za hewa, mume na mke, wanatembea wameshikana mikono. Wanafika kwenye pua ya bawa, wanaachana. Liesel anapita chini, njia fupi, tambarare. Jupp anapita juu, penye mgongo. Lakini wameweka miadi nyuma ya bawa, wakati mmoja, na Jupp anamjua mke wake! Basi afanyeje?"

"Akimbie!" darasa zima lingepaza sauti.

"Na hewa inayokimbia?"

"Inalegea!"

"Na iliyo chini haikulegea. Kwa hiyo bawa?"

"Linanyonywa juu!"

Makofi, bia, watu wanarudi kwao wameelimika. Somo lilipendwa hata likachorwa kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa kibanda: Jupp anatoka jasho, Liesel anasubiri nyuma ya bawa kashika kiuno. Klabu ilipotimiza miaka hamsini, mwenyekiti Volkmar, ambaye ni daktari wa meno na mpenda kumbukumbu, aliagiza mchoro huo kwenye vikombe vya kahawa. Vilikuja mia tatu, maana kiwanda kilikataa kuchapa pungufu. Miongoni mwa waliopita mikononi mwa Wendelin walikuwamo marubani watatu wa ndege kubwa za abiria. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsahihisha, labda kwa heshima, labda kwa sababu na wao walipenda bia.

Kisha akaja Roswitha Kümmel.

Roswitha alikuwa mshonaji wa mjini pale chini, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni hata siku za Jumapili. Alianza kuruka akiwa mtu mzima, na hakuficha kwa nini ana haraka. Mume wake Alwin, mstaafu wa posta, alikuwa anapofuka taratibu. Macho yake yalikuwa yanafungwa kutoka pembeni kuja katikati, kama pazia la jukwaani.

"Daktari anasema ikifika masika hataona tena," alimwambia Volkmar, ambaye pia ndiye aliyekuwa akimfundisha kuruka. "Nataka anione mara moja tu nikiwa juu peke yangu. Baadaye hata nikiendesha toroli sawa."

Kiangazi kizima aliruka na Volkmar kiti cha nyuma, na kufikia Septemba Volkmar alikuwa anapiga miayo huko nyuma kwa kukosa cha kurekebisha. Lililobaki lilikuwa karatasi. Krähenkuppe kulikuwa na kanuni kwamba hakuna mtu anayepaa peke yake bila kufaulu mtihani wa nadharia wa Wendelin, na ukikosa swali la saba umefeli mtihani mzima. Kanuni hiyo aliitunga Wendelin mwenyewe, na mtihani aliutoa mara moja tu kwa mwaka. Swali la saba lilikuwa: Eleza bawa linavyoinuliwa.

Balaa lilianza mapema Oktoba, wakati wa kudurusu kabla ya mtihani. Darasa lilikuwa limeshapiga kelele "Akimbie!" pale Roswitha aliponyosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hiyo miadi aliiweka nani?"

"Miadi ipi?"

"Ya Jupp na Liesel. Hewa haina saa. Ikichelewa, nani anaikaripia?"

Watu walicheka. Wendelin naye alicheka, kwa meno ya mbele tu. "Bi Roswitha, wewe umeolewa. Unajua mume asipofika kwa wakati inakuwaje."

"Alwin? Alwin alikuwa posta, hakufika kwa wakati hata siku moja." Kicheko kilihama upande. "Halafu nimepima. Jumapili niliingia bandani nikalivisha bawa futi. Juu kumezidi chini kwa sentimita mbili na nusu. Mimi nikimwachia bibi harusi nafasi ya sentimita mbili na nusu, hapumui. Nyinyi mnainulia ndege nzima na watu wawili?"

"Ndogo ndogo hujumlika," alisema Wendelin, na masikio yakaanza kumwaka.

"Nimejumlisha kwa kikokotoo. Kwa mwendo huo wa Jupp, ili tupae, winchi ingebidi ituvute kwa waya wake karibu kilomita mia tatu kwa saa. Winchi yetu ikifika mia moja inakohoa. Na yule bwana wa maonyesho ya Agosti, aliyeruka kichwa chini miguu juu? Hapo Jupp ndiye aliyepita chini. Mbona hakunyonywa mpaka kwenye viazi vya jirani?"

Jiko lililia kwa kuni. Wendelin alijua kabisa kwamba angeweza kusema maneno matatu mepesi: sijui, tutazame pamoja. Badala yake alisema, "Bi Roswitha, bawa si sketi," na darasa likaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya jioni ile. Roswitha akaviringisha futi yake polepole, akaitia mfukoni.

Kwenye mtihani, swali la saba, aliandika kwa mwandiko wake wa kushona: "Bawa limeinamishwa kidogo, kwa hiyo linaielekeza hewa chini. Hewa nayo inalisukuma bawa juu. Mgongo wa bawa unafanya kazi kubwa, kwa sababu hewa ya juu inaufuata mgongo na kupindia chini. Hao wawili wenu hawakutani. Nimepima." Wendelin alisoma mara mbili. Alichukua kalamu nyekundu akaandika: HAPANA. HAKUSIKILIZA.

Jumapili iliyofuata anga lilikuwa safi, la kuonea mbali. Alwin alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja kando ya uwanja, darubini shingoni, na keki nzima ya plamu aliyoioka mwenyewe kwa kupapasa ili kusherehekea. Roswitha alimwendea akiwa na karatasi mkononi.

"Si leo, mzee wangu."

"Upepo?"

"Swali la saba."

Alwin alitoa darubini shingoni, akaifuta vioo vyote viwili kwa uangalifu, akaitia kwenye mkoba wake. Keki ililiwa na watu wote, maana ilikuwa imeshakatwa. Wendelin alikula vipande viwili. Hilo ndilo lililokuja kumtesa zaidi kuliko mengine yote: kwamba aliomba cha pili.

Majira ya baridi yakaingia, na mshonaji hakumtoka kichwani. Aliamua kumnyamazisha kwa ushahidi. Mwezi wa Februari alijenga kwenye karakana yake sanduku refu la mbao lenye kioo ubavuni. Upande mmoja aliweka feni ya kukaushia nyasi, katikati bawa dogo la mti wa msonobari alilolichonga kwa siku nne, bawa zuri ajabu. Mbele ya bawa alitoboa matundu ya kupitishia moshi wa ubani uliobaki wa Krismasi, na kifuniko cha kuukata moshi ili utoke kwa mafungu, fungu la juu na la chini kwa pamoja. Mkewe Gundula alipewa kazi ya kushika simu yake, ile yenye kupunguza mwendo wa picha.

"Sasa utaona," alisema Wendelin. "Wanaachana hapa, wanakutana pale."

Feni ikanguruma. Moshi ukatoka. Wakaketi kwenye benchi la randa, vichwa viwili vya mvi juu ya simu moja.

Fungu la moshi liligonga pua ya bawa, likagawanyika. La juu lilipanda mgongo, likateleza, likapindia chini, likatoka nyuma ya bawa na kwenda zake. La chini lilikuwa bado linajikokota katikati ya njia.

"Huyo wa juu ni Jupp?" aliuliza Gundula.

"Ndiyo."

"Mbona ameshafika? Mbona anaondoka?"

"Rudia."

Walirudia. Wendelin alipunguza feni. Aliongeza feni. Alilinyanyua bawa pua kidogo, na Jupp akazidi kuwahi, na moshi wote ukazidi kumiminika chini nyuma ya bawa. Mwishoni alichukua rula bapa ya shuleni, juu na chini urefu mmoja, akaiinamisha vilevile. Rula nayo ilinyanyuka ikagonga dari ya sanduku.

"Kwa hiyo Jupp ni kweli anakimbia," alisema Gundula, ambaye alikuwa mtu wa haki. "Ila hakimbilii kwa mke. Anamkimbia." Akacheka mpaka akashika simu kwa mikono miwili. Kisha akamwangalia mumewe, akaacha kucheka. "Wendelin. Yule mama wa futi si ndiye aliyesema hivi?"

Wendelin alizima feni.

Usidhani alikwenda kuungama. Miaka thelathini na moja haishuki koo kirahisi, na vikombe mia tatu je? Alifanya jambo baya zaidi. Mwezi wa Machi alimwita Roswitha pembeni ya banda, akamwambia kwa sauti ya paroko: "Nimekufikiria. Swali la saba nimelisamehe. Kwa huruma tu. Utaruka."

Roswitha alimtazama kwa muda, kama mtu anayekagua mshono. "Asante, mwalimu," alisema. Na wiki ile ile, kwa shukrani, alimfupishia suruali yake ya Jumapili iliyokuwa ikiburuta miaka miwili. Ilimkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Kila alipoivaa aliona haya kuanzia kiunoni kwenda chini.

Siku yenyewe ilikuja mwishoni mwa Mei. Winchi ilikuwa tayari, waya umenyoshwa, uzi mwekundu wa sufu, wa kuonyesha upepo, unacheza juu ya kioo cha rubani. Volkmar alifunga mikanda ya kiti cha nyuma kilichokuwa kitupu, akarudi kinyumenyume kama baba wa bibi harusi. Alwin alikuwa pale pale kwenye kiti cha kukunja. Hakuwa na darubini.

Wendelin alikuwa amepanga kusimama mbali. Lakini Alwin alisikia nyayo zake.

"Nani huyo?"

"Wendelin."

"Ah, mwalimu! Njoo usimame na mimi. Nitajua vipi ameondoka?"

"Utasikia winchi."

Winchi ikanguruma, waya ukakaza, na ndege ikachomoka majanini ikapanda mwinuko wa kutisha. Juu kabisa waya ukaachia, winchi ikanyamaza. Kukawa kimya. Alwin aliinua uso kuelekea kaskazini. Mkewe alikuwa kusini.

"Yuko wapi sasa?"

Ndege isiyo na injini haina kelele ya kumfuata. Wendelin aliuona ule uso ulioelekea mahali patupu, unatabasamu, unangoja. Akamshika Alwin mabega akamgeuza.

"Hapo. Juu ya paa la kanisa. Anageuka kushoto."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

"Oktoba bado nilikuwa naona," alisema Alwin, bila kinyongo, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Kunguru akitua kwenye mnara wa kanisa, nilikuwa namuona. Sasa yuko wapi?"

Mara tatu Roswitha alipaa, maana sheria inataka mara tatu, na mara tatu Wendelin alimgeuza yule mzee kama dira. Ndege ilipotua mara ya mwisho ilipita karibu nao, na hewa ikapiga mluzi kwenye mabawa. "Huyo!" alisema Alwin. "Nimemsikia!" Hicho ndicho alichopata.

Sasa kuna desturi. Anayerudi kutoka kuruka peke yake mara ya kwanza huinamishwa mbele ya ndege, na wanachama wote wanapanga foleni kumpiga kofi moja moja la matako. Sababu ni ya kitaalamu: rubani huhisi hewa inayopanda kwa makalio kabla ya kuiona kwa macho, kwa hiyo ni lazima makalio yaamshwe. Kisha hupewa shada la mbigili, alishike kwa mkono mtupu na kushukuru. Madaktari, mafundi bomba, mapadri, wote wamepita hapo. Na kofi la kwanza ni la mwalimu wa nadharia.

Roswitha aliinama akashika pua ya ndege. "Haya, Wendelin!" alipiga kelele Volkmar. "Mwamshe!"

Wendelin alinyanyua mkono. Mkono ukabaki juu.

"Vipi, umeganda?"

"Inuka, Roswitha," alisema. Sauti ile kubwa ilikuwa imemtoroka. "Inuka tafadhali. Ulipatia."

"Nilipatia nini?"

"Swali la saba. Ulipatia Oktoba. Nimejenga sanduku, nimepuliza moshi, nimeona kwa macho yangu. Jupp hamsubiri Liesel. Hawakutani kabisa. Nimejua tangu Februari, na Machi nikakwambia nakuonea huruma."

Mtu mmoja nyuma alicheka akidhani ni utani. Hakufuatwa na mwenzake.

"Miaka thelathini na moja," alisema Volkmar taratibu. Halafu, akiwa mwenyekiti mpaka kwenye mifupa: "Wendelin, kuna vikombe mia mbili bado stoo!"

Wendelin alikwenda mbele ya ndege, akainama, akashika pua pale pale alipokuwa ameshika Roswitha. Suruali iliyofupishwa ikakaza vizuri. "Pangeni foleni," alisema.

Walipanga. Wa kwanza walipiga kwa aibu, wa katikati walipata ladha, na rubani mmoja wa ndege kubwa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alipiga mara mbili akisema la pili ni la abiria. Wendelin alihesabu machozi yake yanavyodondokea majanini na hakuweza kujua ni ya makofi au ya aibu. Alichotaka ni moja tu, kofi la mtu wa mwisho. Akaona viatu vya Roswitha vikisimama karibu.

"Mimi sipigi," alisema Roswitha.

"Piga. Nakuomba."

"Ukipigwa na mimi utarudi nyumbani umelipa. Hujalipa." Akamwekea shada la mbigili kwenye mkono, akamfumba vidole. "Na deni si langu. Mimi nimeruka. Mwenye kudai amekaa pale."

Wendelin alisimama wima kwa shida. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama akivuka majani kuelekea kile kiti cha kukunja, mwendo wa mtu ambaye nguo zinamuuma. Alwin alikuwa amesikia yote, maana macho tu ndiyo yaliyokuwa yamezimika.

"Kwa hiyo Oktoba ningemuona," alisema.

"Ungemuona."

Upepo ulitikisa uzi mwekundu kwenye kioo cha ndege. Wendelin alijitayarisha kwa tusi, akalitamani kama maji. Alwin alinyosha kiganja hewani, bapa, kama watoto wanavyofanya dirishani mwa gari.

"Keti. Huwezi? Basi piga magoti. Nisimulie tena tangu waya unakaza. Kila kitu. Na safari hii bila hao wanandoa wako."

Wendelin alipiga magoti. Alisimulia winchi, mwinuko, waya kuachia, paa la kanisa. Alipofika pale ndege ilipogeuka kushoto alikwama, akatafuta maneno, hakuyapata. Maneno yake yote yalikuwa yamechorwa ukutani. Akaweka mbigili chini, akakishika kiganja cha Alwin kwa kidole gumba kile, akakiinamisha kidogo upande, kisha akakinyanyua ukingo wa mbele kidogo sana, unene wa karatasi ya sigara, mpaka upepo wa kilimani ukakikuta na mkono wa mzee ukaanza kupanda wenyewe.

"Aa," alisema Alwin. "Ndiyo hivi alivyokuwa?"

"Ndiyo hivi."

"Na hewa sasa, mwalimu, inakwenda wapi?"

Masikio ya Wendelin yalikuwa mekundu mpaka shingoni, na watu wote walikuwa wanasikiliza.

"Chini," alisema. "Inakwenda chini."